Kombe la Kagame linawangoja wenyewe

Julai 2024, jijini Dar es Salaam, timu ya jeshi la anga la Zambia ililitwaa Kombe la Kagame. Red Arrows walitoka sare ya bao 1-1 na APR ya Rwanda katika fainali, wakashinda kwa matuta, wakaondoka na mwali kwenda Lusaka. Zambia si mwanachama wa Baraza la Vyama vya Soka Afrika Mashariki na Kati, CECAFA. Red Arrows walikuja kwa mwaliko, wakacheza, wakashinda, na hongera zao wanazistahili. Wenye maswali ya kujibu ni wenyeji. Simba na Yanga, ambao kwa pamoja wamelibeba kombe hili mara 11, hawakuwamo kabisa. Fainali ilichezwa kwenye jiji lao huku vikosi vyao vikiwa nje ya nchi kwa maandalizi ya msimu mpya.

Wapo vijana wengi wanaojua kila kitu kuhusu Ligi ya Mabingwa Ulaya lakini hawajui kwamba kanda yetu ina mashindano ya klabu yaliyoanza rasmi mwaka 1974. Kombe hili lina umri unaozidi wa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa muundo wake wa sasa, na limezidi pia umri wa klabu kadhaa zinazolishindania. Si la kuchanganywa na Chalenji, ambayo ni ya timu za taifa na mizizi yake ni Kombe la Gossage la mwaka 1926. Hili ni la klabu. Ni la timu za mitaa, za viwanda, za majeshi na za miji, kuanzia Khartoum hadi Blantyre.

Simba ndio waliolifungua. Mwaka ule wa 1974 waliifunga Abaluhya ya Kenya bao 1-0, na ni mwaka huohuo walipofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mwaka uliofuata mashindano yalihamia Zanzibar, na fainali ikawa ya watani wa jadi. Yanga walishinda 2-0 kwa mabao ya Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, na Gibson Sembuli. Kwa hiyo miaka miwili ya mwanzo Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani waligawana heshima sawa kwa sawa, na kila mmoja akapata la kumwambia mwenzake.

Kisha Wakenya wakaja. Luo Union walilitwaa mwaka 1976 kwa kuwafunga Yanga, wakalitwaa tena mwaka 1977 kwa kuwafunga Horsed ya Somalia jijini Dar es Salaam. Msomaji aliyekuwapo wakati ule anakumbuka mwaka 1977 kwa jambo jingine: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Shirika la ndege la pamoja likafa, reli ya pamoja ikagawanywa, posta ikagawanywa. Kombe la klabu halikugawanywa.

Nadhani hapa ndipo penye uzito wa historia ya mashindano haya, na sioni kama tumeisimulia ipasavyo. Mwaka 1978 Simba walifika fainali mjini Kampala, wakafungwa kwa matuta na Kampala City Council baada ya dakika 90 kumalizika bila bao. Kabla ya mwaka huo kwisha, majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera na Tanzania na Uganda zilikuwa vitani. Mwaka 1979, huku vita hivyo vikitikisa kanda nzima, Mogadishu ilikuwa mwenyeji na Abaluhya wakaondoka na kombe. Mwaka 1983 AFC Leopards walilibeba Zanzibar, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuja kufunguliwa mwishoni mwa mwaka huo. Wachezaji wa Kenya na Tanzania walikuwa wakikutana uwanjani katika miaka ambayo mfanyabiashara wa Namanga hakuweza kuvuka na gunia la vitunguu. Viongozi wa soka wa wakati ule walifanya kazi ambayo wanasiasa walishindwa, na waliifanya kwa bajeti ndogo sana.

Kuanzia 1979 hadi 1985 kombe halikutoka mikononi mwa Wakenya. Miaka saba mfululizo! Abaluhya, ambao wakati huo walikuwa wanageuka kuwa AFC Leopards, walilitwaa mara nne, na Gor Mahia mara tatu. Mara tatu katika miaka hiyo fainali ilikuwa Leopards, yaani Ingwe, dhidi ya Gor Mahia, yaani K'Ogalo, wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa mbali na viwanja walifuata kwa redio, na kwa Wakenya wengi sauti ya mpira wa enzi hizo ni ya Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya. Ushindani ule wa kanda ulikuwa sehemu ya makuzi ya kizazi cha Gor Mahia kilichochukua Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyochukua kombe la Afrika hadi leo.

Ukiyasoma majina ya klabu zilizofika fainali, unasoma namna watu wa kanda hii walivyoishi. Abaluhya na Luo Union zilikuwa timu za jamii. Watu waliokwenda mjini kutafuta kazi waliunda vyama vya kusaidiana na kuzikana, na vyama vikaunda timu. Serikali ya Kenya ilipoagiza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba majina ya kikabila yaondolewe, Abaluhya wakawa AFC Leopards na Luo Union wakawa Re-Union. Timu ya kiwanda cha bia ya Kenya Breweries ilichukua ubingwa mwaka 1988 na 1989, kisha ikabadili jina kuwa Tusker na kuongeza mingine mitatu. Rio Tinto ya Zimbabwe, waliofungwa na AFC Leopards fainali ya 1982, walikuwa timu ya mgodi. ADMARC Tigers ya Malawi ilikuwa ya shirika la serikali la kununua mazao ya wakulima. Oserian, waliofika fainali mwaka 2001 na kushindwa na Tusker kwa matuta, walitoka kwenye shamba la maua la Naivasha. ATRACO ya Rwanda ilikuwa timu ya umoja wa wasafirishaji wa abiria, na mwaka 2009 ilikwenda Sudan ikawafunga El Merreikh bao 1-0 kwenye fainali, mbele ya mashabiki wao. Leo ATRACO haipo tena. Polisi wa Uganda nao wamo, walibeba mwaka 2006 kwa kuwafunga Moro United. Wanajeshi wa APR wamo mara tatu, na zote tatu walishinda nyumbani Kigali: 2004, 2007 na 2010.

Mwaka 1998 unastahili kusimama peke yake. Miaka minne tu baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Rayon Sports walikwenda Zanzibar wakawafunga wenyeji Mlandege 2-1. Ndilo kombe la kwanza la kanda kwenda kwa klabu ya Rwanda. Nchi iliyokuwa bado inazika watu wake ilipata siku ya kushangilia. Mlandege nao, ingawa walipoteza, walikuwa wameifikisha klabu ya Visiwani kwenye fainali ya kanda. CECAFA ni miongoni mwa mabaraza machache ambako Zanzibar inasimama kwa jina lake, maana FIFA haiitambui, na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliipa uanachama kamili Machi 2017 likaufuta Julai ya mwaka huohuo. Kwa bingwa wa Zanzibar, Kombe la Kagame ni nafasi adimu ya kupimana nguvu na majirani.

Jina la Kagame lilikuja mwaka 2002, baada ya Rais Paul Kagame wa Rwanda kujitolea kutoa zawadi ya dola 60,000 kila mwaka: bingwa 30,000, wa pili 20,000 na wa tatu 10,000. Kwa wakati ule zilikuwa fedha za maana, na zilirudisha uhai kwenye mashindano yaliyokuwa yakiyumba. Simba ndio waliokuwa wa kwanza kulitwaa kombe kwa jina hilo jipya, walipowafunga Prince Louis ya Burundi bao 1-0 mwaka huohuo wa 2002. Ubingwa huo ulikuwa wa sita kwao. Hakuna klabu iliyofikia idadi hiyo, na Simba wenyewe hawajaongeza wa saba.

Kwa Watanzania, hata hivyo, kombe hili limekaa kumbukumbuni hasa kwa sababu ya watani. Mwaka 1992 walikutana tena Zanzibar katika fainali, wakatoka sare ya bao 1-1, Simba wakashinda kwa matuta 5-4. Mwaka 1993 Yanga wakajibu kwa njia ya mbali: walikwenda Kampala wakawafunga SC Villa 2-1 wakarudi na mwali, na mwaka 1999 wakarudia kazi hiyohiyo kwa timu hiyohiyo katika nchi hiyohiyo, safari hii kwa matuta. Shabiki wa Yanga wa umri fulani hawezi kumaliza mazungumzo bila kuitaja Kampala.

Kisha ikaja 2011. Fainali ya Simba na Yanga Dar es Salaam ilimaliza dakika 90 bila bao, ikaingia muda wa nyongeza, na Mghana Kenneth Asamoah akaifungia Yanga kwa kichwa. Mwaka uliofuata Yanga walilitetea kombe kwa kuwafunga Azam 2-0, lakini habari kubwa ya mashindano yale ilikuwa robo fainali, ambako John Bocco aliwafunga Simba mabao matatu peke yake na Azam wakashinda 3-1. Siku ile Tanzania ilijua kwamba kuna klabu ya tatu. Azam walikuja kulitwaa mwaka 2015 bila kuruhusu hata bao moja katika mashindano yote, wakawatoa Yanga kwa matuta njiani na kuwafunga Gor Mahia 2-0 fainali. Mwaka 2018 walilitetea mbele ya Simba kwa 2-1. Shaaban Idd Chilunda, aliyefunga katika fainali hiyo, alikwenda Tenerife ya Hispania mwaka huohuo. Bao la Simba lilifungwa na Meddie Kagere, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka Gor Mahia.

Umeona miaka ilivyoruka hapo, kutoka 2015 hadi 2018? Mashindano hayakufanyika mwaka 2016 wala 2017. Hayakufanyika 2020, mwaka wa korona. Hayakufanyika 2022 wala 2023. Kuanzia 2016 hadi 2025 ni miaka kumi, na kombe limechezwa mara tano tu. Kabla ya hapo, kuanzia 1974 hadi 2015, liliachwa mwaka mmoja peke yake, 1990. Lilivuka vita vya Kagera, lilivuka kufungwa kwa mipaka, lilivuka miaka ya njaa ya fedha za kigeni na uhaba wa mafuta. Limekuja kukwama katika zama za barabara za lami, ndege za kila siku na televisheni za kulipia.

Sababu zipo, na nyingine zina mashiko. CAF ilibadili kalenda yake kuanzia msimu wa 2018/19, na sasa raundi za awali za mashindano ya Afrika huanza Agosti au Septemba. Julai, uliokuwa mwezi wa Kagame, umekuwa mwezi wa kambi, usajili na matamasha. Simba wana Simba Day, Yanga wana Wiki ya Mwananchi, na matamasha hayo yana wadhamini na yanajaza uwanja. Fedha nazo zimebadilika. Tangu msimu wa 2022/23, klabu inayoingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika hupata dola 700,000 hata ikishika mkia. Hiyo ni zaidi ya mara 20 ya zawadi ya bingwa wa Kagame ilivyopangwa mwaka 2002. Yanga wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, Simba wakafika fainali hiyohiyo mwaka 2025. Kocha aliyeajiriwa kwa ajili ya malengo hayo hataki mshambuliaji wake aumie Julai.

Ninazielewa hoja hizo. Sikubali kwamba zinatosha. Klabu zetu husafiri mbali kutafuta mechi za kirafiki dhidi ya timu ambazo shabiki wa Tandika au Mwanjelwa hatazisikia tena. Kagame inatoa mechi tano au sita za ushindani wa kweli, nyumbani au kwa jirani, dhidi ya klabu zinazojua kukukaba na zinazokutamani. Kama kikosi cha kwanza kina uchovu, peleka vijana na wachezaji wapya. Yanga walifanya hivyo mwaka 2021. Kombe lilikwenda kwa Express ya Uganda, lakini Yanga walikuwapo.

Tatizo jingine ni la CECAFA na wanachama wake. Tangu 2011 mashindano yamefanyika mara kumi, na mara saba mwenyeji amekuwa Dar es Salaam. Kenya haijayaandaa tangu 2001, Uganda tangu 2003. Mashindano ya kanda yakikaa mji mmoja yanageuka kuwa shughuli ya mji huo, na mji wenyewe unayazoea na kuyapuuza. Mwaka 2013 baraza lilithubutu kwenda Sudan, katika majimbo ya Darfur na Kordofan, na klabu za Tanzania zikajitoa kwa hofu ya usalama. Hofu ile ilikuwa na msingi. Lakini Vital'O ya Bujumbura ilikwenda, ikawafunga APR 2-0 katika fainali, na Burundi ikapata ubingwa wake wa pekee hadi leo. Mji wa El Fasher uliowapokea umekuja kuteketezwa na vita vilivyoanza 2023, na klabu kubwa za Sudan zimelazimika kucheza ligi za nchi nyingine.

Ndiyo maana fainali ya Septemba 2025 ilinigusa. Al Hilal ya Omdurman, klabu isiyoweza kucheza nyumbani kwake, iliyokuwa imetoka kucheza msimu mzima katika ligi ya Mauritania, ilikuja Dar es Salaam na kufika fainali ya kombe ambalo katika historia yake yote haijawahi kulitwaa. Walifungwa 2-1 na Singida Black Stars. Klabu kutoka mkoa ulio katikati ya nchi, isiyo na historia ndefu ya mataji, ikawa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Hiyo ndiyo kazi ya kombe hili, kumpa nafasi asiye na jina. Lakini Simba na Yanga hawakuwamo tena, na Singida walistahili kulichukua kombe wakiwa wamewapita na hao.

Kwa ushindi huo Tanzania imefikisha makombe 14, na Kenya wana 15. Uganda wana saba, Rwanda matano, Sudan matatu, Burundi na Zambia moja moja. Mkenya wa mwisho kulishika alikuwa Tusker, mwaka 2008. Kwa mpenzi wa soka wa Nairobi na wa Dar es Salaam, hesabu hiyo peke yake ingetosha kuwasha moto kila mwaka, kama kungekuwa na uhakika kwamba mashindano yatakuwapo na wakubwa watakuja.

Mfano wa kufuata upo ndani ya CECAFA hiyohiyo. Tangu 2021 baraza limeandaa mashindano ya klabu za wanawake kila mwaka bila kukosa. Vihiga Queens ya Kenya ilianza, Simba Queens wakafuata 2022, JKT Queens 2023, CBE ya Ethiopia 2024, JKT Queens tena 2025. Hakuna klabu inayoyakimbia. Sababu ni moja: bingwa anapata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake. Kagame haina tiketi ya kitu chochote. Ukishinda unapata kombe, hundi na picha, kisha unarudi kujipanga kwa raundi ya awali sawa na yule aliyekaa nyumbani.

Nafasi ya kulirekebisha hili imefika mlangoni. Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa CHAN pamoja Agosti 2025, na zitaandaa AFCON mwaka 2027. Viwanja vimekuwa vikijengwa Arusha, Talanta jijini Nairobi na Hoima. Vinahitaji mechi, na mechi hizo zipo.

Kwa hiyo ombi langu kwa CECAFA ni tarehe. Chagueni wiki mbili, zitangazwe mwaka mzima kabla, na zisiguswe. Mwenyeji azunguke: Nairobi, Kampala, Zanzibar, Kigali, Bujumbura. Iombeni CAF imtambue bingwa wa Kagame, hata kama ni kwa kumruhusu kuvuka raundi ya kwanza tu. Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, nalo, pamoja na vyama wenzake, liandike kwenye kanuni za ligi kwamba bingwa wa nchi anashiriki, kwa kikosi chochote anachotaka. Na nyie Simba na Yanga, ambao majina yenu ndiyo yaliyoandikwa mara nyingi zaidi upande wa Tanzania, rudini mcheze.